Ukishatoka kwenye usaili wa uhadhiri: zile wiki za kusubiri

Baada ya usaili wangu wa kwanza wa uhadhiri nilikuwa nalala na simu kifuani. Nasema kweli, kifuani, ili hata ikitetemeka tu niamke, utadhani kuna ofisi ya utumishi inayompigia mtu saa nane usiku kumwambia amepata kazi. Ilipofika wiki ya tatu nilikuwa nimeisoma barua pepe ya katibu wa jopo mpaka nikaanza kuchambua nukta na mkato. Kaandika "tutakujulisha". Mbona hakuandika "tutakujulisha hivi karibuni"? Nikajihesabia nimeanguka.

Jibu lilikuja siku ya 53, na kweli nilikuwa nimeanguka, lakini si kwa sababu ya neno "karibuni". Miaka iliyofuata nimekaa upande wa pili wa meza mara kadhaa, nikaona kwa macho yangu siku kama zile zinakwenda wapi. Nyinyi mnaoanza kuomba kazi vyuoni, mkiwa ndiyo kwanza mmemaliza uzamivu au mnakaribia, lijueni hili mapema: ukimya wa chuo si jibu. Humo ndani kuna watu wanakimbizana na saini.

Ukitoka chumbani, huenda nyuma yako wamebaki waombaji wawili ambao zamu yao ni wiki ijayo. Wakiisha, jopo linakaa, kila mjumbe anatoa alama zake, wanabishana, wanapanga wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wale ambao hawafai kuajiriwa hata wakibaki peke yao. Kisha mtu mmoja lazima aandike taarifa. Mtu huyo ni mhadhiri kama wahadhiri wengine, ana mitihani ya kusahihisha. Taarifa ikikamilika inapanda kwa mkuu wa idara, inapita kwa mkuu wa kitivo, inafika utumishi ambako vyeti vinahakikiwa na fedha za nafasi hiyo zinathibitishwa upya. Kwenye vyuo vingi inabaki kamati ya juu ya kuridhia, nayo hukutana kwa ratiba yake. Faili likichelewa siku moja kuingia kwenye ajenda, linangoja kikao kijacho.

Niliwahi kushuhudia taarifa ya ukurasa mmoja na nusu ikikaa siku 11 kwa ajili ya saini moja. Wajumbe watano, wanne wameshasaini, wa tano yuko kwenye kongamano na hajibu barua pepe. Mwenyekiti alikuwa akitembea na ile karatasi kwenye mkoba, akitarajia kukutana naye kwenye korido. Mwombaji mwenyewe tulikuwa tumekubaliana juu yake kwa dakika kumi, bila ubishi. Alipokuja kuwa mwenzetu kazini alinisimulia kwamba katika siku hizo hizo alishawaambia nyumbani kuwa amekosa, na akaifuta kwenye kompyuta barua aliyoombea kazi kwa sababu hakutaka kuiona tena.

Hapo hatujamfikia yule wa pili, na huyu ndiye anayeteseka kuliko wote. Ofa inakwenda kwa wa kwanza. Naye anapewa wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, za kufikiri. Anauliza mshahara, gharama za kuhama, vifaa vya maabara, kama anaweza kuanza muhula unaofuata. Kila swali linapanda ngazi na kushuka. Muda wote huo wa pili haambiwi kitu, kwa sababu chuo kikimwandikia leo kwamba amekosa, na kesho wa kwanza akakataa, kitarudi kwake kwa uso gani? Kwa hiyo mtu anaweza kukaliwa kimya miezi miwili kwa sababu hiyo tu, kwamba wanamtaka. Nimeona wa pili wakiajiriwa, nimeona hata wa tatu. Wakishaingia kazini hakuna anayekumbuka nani alikuwa wa ngapi.

Muda nao unategemea nchi na aina ya nafasi, kwa hiyo usijipime kwa rafiki yako aliyepigiwa simu kesho yake. Uingereza ni kawaida wote kusailiwa siku moja na mshindi kujulishwa ndani ya siku chache. Marekani kila mmoja wa waliobaki mwishoni hualikwa chuoni kwa siku moja au mbili peke yake, na ziara hizo husambazwa kwa wiki kadhaa, hivyo aliyetangulia anawasubiri wote wa nyuma yake. Ujerumani, kwa nafasi za uprofesa, orodha ambayo kwa kawaida ina majina matatu hupita baraza baada ya baraza, na mchakato mzima kuvuka mwaka si jambo la kushangaza.

Ndiyo maana swali la maana zaidi ni lile ambalo wengi wenu mnasahau kuliuliza wenyewe. Mwishoni, jopo likisema "una swali lolote?", uliza: mnatarajia kumaliza uamuzi lini, na nani ataniandikia? Tarehe watakayokupa iandike, halafu kichwani mwako iongezee nusu yake. Usiku huo huo, kabla hujalala, andika maswali yote uliyoulizwa na ulivyoyajibu, hasa yale yaliyokukwamisha. Kwangu daftari hilo limekuwa na faida kuliko shahada zangu mbili za mwanzo, kwani maswali ya majopo hufanana kama ndugu.

Kesho yake tuma shukrani, mistari mitatu, basi. Haikupi kazi, ila ni adabu. Usiambatanishe kitu, na nakuomba sana, usisahihishe jibu uliloboronga. Mimi nilifanya hivyo. Niliwatumia kurasa mbili za kurekebisha nilichosema kuhusu mtaala. Miaka baadaye mjumbe mmoja aliniambia huku akicheka kwamba hakuna aliyekuwa ameliona kosa mpaka nilipowaonyesha.

Kuuliza umefikia wapi si kosa, mradi usubiri tarehe yao ipite, uongeze wiki moja. Mwandikie aliyekualika au mwenyekiti wa jopo, mmoja tu. Usiwazungukie wajumbe mmoja mmoja, wala usimtume rafiki aliye ndani akuchungulizie. Unamweka pabaya, na akikuambia kitu kitakuwa nusu ya habari. Andika hivi: "Ndugu Mwenyekiti, nilisailiwa tarehe fulani kwa nafasi fulani. Bado ninaipenda nafasi hiyo. Ningeshukuru kujua kama kuna ratiba mpya ya uamuzi." Usieleze kwamba unakosa usingizi. Wakijibu "bado tunaendelea", wamekuambia ukweli, sema si wote. Baada ya wiki tatu nne unaweza kuuliza tena, kisha uache.

Kanuni hiyo inavunjwa na jambo moja, nalo ni kupata ofa kwingine. Hapo waandikie siku hiyo hiyo, ukitaja tarehe ya mwisho uliyopewa: "Nimepata ofa ninayotakiwa kuijibu kufikia Ijumaa ijayo, lakini nafasi yenu ndiyo ninayoipendelea. Je, kuna uwezekano wa kujua nilipo kabla ya siku hiyo?" Nimeona barua ya namna hii ikifanya taarifa iliyolala wiki tatu isainiwe kwa siku mbili. Na wale waliokupa ofa nao waombe muda zaidi, wengi hutoa siku chache. Ila ofa ya kubuni usithubutu. Chuo kinaweza kukujibu "hongera, tunakutakia kila la heri", na uwanja wetu ni mdogo, watu wanajuana.

Kuhusu dalili, nawasihi mwache kupiga ramli. Uliulizwa unaweza kuanza lini? Wote huulizwa. Wadhamini wako wamepigiwa simu? Vyuo vingine huwapigia wadhamini wa wote, tena kabla ya usaili. Hawajapigiwa? Vingine huwapigia wa mmoja tu, mwishoni. Tangazo limerudi kwenye tovuti? Inaweza kuwa wamekosa mtu, au ni nafasi ya pili, au ni mtu wa tovuti hajalitoa. Na kule kwenye mfumo wa maombi palipoandikwa "inashughulikiwa", nimewahi kumkuta mtu ambaye maombi yake bado yanashughulikiwa hali ameshafundisha mihula miwili hapo hapo.

Mtu wa ndani, yaani mwombaji ambaye tayari yuko chuoni hapo? Yupo mara nyingine, na mara nyingine hushindwa. Hilo huna la kulifanya.

Watakuambia subira yavuta heri. Sina ugomvi na methali, lakini haisemi mtu ale nini wakati anavuta. Endelea kuomba kwingine kana kwamba usaili ule haukuwahi kutokea. Na ile makala uliyoliambia jopo kwamba "iko karibu kutumwa" (sote tumeisema sentensi hiyo), itume sasa, isiwe ya uongo wakikuuliza.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Simu ya "hongera, tumekuchagua" inafurahisha, lakini si mkataba. Namfahamu mtu aliyejiuzulu na kurudisha nyumba ya kupanga baada ya simu hiyo. Wiki mbili baadaye ajira zote za chuo zikasimamishwa kwa kukosa fedha. Aliyempigia hakuwa mwongo, hakuwa tu na mamlaka ya mwisho. Ngoja barua yenye cheo, mshahara, muda wa mkataba na tarehe ya kuanza, ukaisaini wewe na wakaisaini wao, ndipo umwandikie mwajiri wako wa sasa.

Ukikosa, jibu kwa mstari mmoja wa shukrani. Unaweza kuomba maoni ya jopo. Wengi watakupa sentensi isiyo na chumvi, wachache watakuambia kitu cha kweli. Mimi niliambiwa mada yangu ya mfano ilikuwa nzuri kwa wanafunzi wa uzamivu, na walikuwa wanatafuta mtu wa kufundisha mwaka wa kwanza. Iliuma kama siku mbili hivi, kisha nikaanza kuandika mada nyingine.

Simu yangu yenyewe ilipokuja, usaili wa nne huo, sikuwa nimeilalia tena. Ilikuwa ndani ya begi ofisini, mimi niko darasani. Nilikuta wamepiga mara mbili na kuacha ujumbe kwamba nipige kabla ya saa kumi. Nilipiga saa tisa na dakika hamsini, kwa sababu kwanza nilikaa chini nikaandika maswali matano ya kuwauliza, na la kwanza lilikuwa: barua itanifikia lini?