Usiuze ploti ya Kamulu

Binamu, umeniuliza mara tatu: ni kweli Ujerumani inataka Wakenya 250,000, na je, mama mdogo auze ploti ya Kamulu ili umlipe ajenti laki nne? Nilikujibu kwa mkato kwa kuwa nilikuwa zamu huku Ujerumani, ninakohudumia wazee. Leo nimeketi, na najibu mbele ya jamaa wote wa mtaa wetu wa Umoja, Nairobi, maana si wewe peke yako unayeuliza.

Hiyo 250,000 haipo. Mkataba uliotiwa saini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo, hautaji idadi yoyote, na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha hesabu hiyo papo hapo. Mlango ni wa mwenye ujuzi, au anayekuja kuusomea, na awe anajua Kijerumani. Kuna upande mwingine ambao huko hausemwi sana: mkataba huohuo unarahisisha kumrudisha Mkenya asiye na kibali. Mtu akikwambia uingie kwa viza ya matembezi halafu mambo yatajipanga, mkimbie.

Laki nne ni za nini? Ajenti atasema karo. Mafunzo ya uuguzi huku ni miaka 3 na hayana karo. Mwanafunzi ndiye anayelipwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipata karibu yuro 1,200 kwa mwezi kabla ya makato. Najua umeshazidisha kwa 150 ukaona laki moja na themanini. Hata mimi nilizidisha nikiwa Umoja. Lakini akiba ya uzeeni na bima ya afya hukatwa kabla hujazishika. Kisha kodi ya chumba, chakula, nauli, hata ada ya redio na televisheni, yuro 18.36 kila mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Kuna miezi nilituma shilingi elfu kumi tu, shangazi akasema nimewasahau. Sikuwa nimewasahau. Iliniuma sana.

Lugha ndiyo kazi yenyewe. Wazee ninaowahudumia hapa Dresden hawajui Kiingereza, na mzee aliyepoteza kumbukumbu akiamka saa tisa usiku analia, halii kwa Kijerumani cha darasani. Analia kwa lahaja ya Saxony, jimbo letu hili. Wiki za kwanza nilijifungia chooni nami nikalia, kwa sababu mtu alikuwa na maumivu mbele yangu na sikuelewa ni wapi.

Na siasa, nisikufiche. Katika uchaguzi wa Februari 2025 chama cha AfD, kinachotaka wageni wapunguzwe, kilipata asilimia 20.8 ya kura nchi nzima. Hapa Saxony kilipita theluthi moja. Jumatatu ile nilipanda tramu nikiwatazama watu nyuso, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Bibi niliyemwosha asubuhi hiyo alinishika mkono akaniuliza kama nitaondoka. Nikamwambia kesho nina zamu.

Lakini nchi hiyohiyo, tangu Juni 2024, inamruhusu mgeni kuomba uraia baada ya miaka 5 bila kuukana wa kwao, na katiba yetu ya 2010 nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ile njia ya haraka ya miaka 3 imefutwa mwaka 2025. Ya 5 bado ipo, nami naihesabu.

Kwa hiyo ploti ibaki. Anza darasa la A1, ngazi ya kwanza ya Kijerumani, hapo mjini, ulipe ngazi moja baada ya nyingine. Ukifika B1, ngazi ya tatu, niandikie kwa Kijerumani, hata kikiwa kibovu. Ukipata mkataba wa kazi, nitumie picha yake kabla hujausaini, nami nitausoma mstari kwa mstari. Mwambie mama mdogo nitampigia Jumapili akitoka kanisani.