Nati ya oili inapozunguka bure, usikimbilie silikoni

Juzi kijana mmoja wa Pongwe, Tanga, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nimemwaga oili ya pikipiki mwenyewe nyumbani. Wakati wa kurudisha nati, ile bolti ya chini ya injini ya kutolea oili, nikachomeka bomba kwenye spana ili ikaze barabara. Ikalia tik, sasa inazunguka tu. Jirani ananiambia nipake silikoni nyingi. Nifanyeje?"

Marahaba. Kwanza, usiiwashe. Pili, mshukuru jirani kwa nia njema, silikoni yake abaki nayo.

Bolti ile ni chuma, injini ni aluminiamu. Zikivutana, aluminiamu ndiyo inayoachia, na bomba uliloongeza kwenye spana halikukaza chochote, lilichuna. Ichomoe nati uitazame. Ukikuta nyuzi za metali nyeupe zimejisokota kwenye thredi zake, ile mifereji ya kuzungukia, kama maganda ya muhogo, kilichoharibika ni tundu la injini. Ukikuta thredi za bolti yenyewe zimelala na tundu liko safi, una bahati: nunua bolti mpya, mambo yameisha.

Wengi huiharibu hata kabla ya kukaza. Nati ya oili inatazama chini. Ukiwa umeinama juu ya pikipiki, kichwani una ile sheria ya kufungua kinyume cha saa, lakini kwa anayetazama kutoka juu mambo yamegeuka. Unadhani unafungua, kumbe unakaza nati iliyokwisha kukazwa. Lala chini, itazame usoni, ndipo uzungushe.

Sasa dawa. Kwenye injini nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zilizotokana na Honda CG, nati hii ni ya milimita 12, hatua ya thredi (umbali kutoka thredi moja hadi nyingine) milimita 1.5, na inafunguliwa kwa spana namba 17. Ipime ya kwako kabla ya kununua chochote. Mara nyingi thredi zinazochunika ni zile za mlangoni, za ndani zikabaki nzima kwa sababu bolti ya kiwandani haikuzifikia. Chomeka kijiti upime kina cha tundu. Kama kuna nafasi, bolti ya saizi ileile iliyo ndefu kwa milimita 4 au 5 inaweza kushika vizuri. Isiwe ndefu kuliko kijiti kilivyokuambia, maana ndani kuna vitu vinazunguka.

Ikishindikana, panua. Tundu linatobolewa kwa biti ya milimita 12.5, kisha linakatwa thredi mpya za milimita 14 kwa 1.5. Kifaa cha kukatia kipake grisi nzito ili vumbi la metali ling'ang'anie hapo lisiingie ndani. Zungusha nusu mbele, rudisha robo, usiwe na haraka. Ukimaliza, mimina nusu lita ya oili ya bei rahisi ipite tundu likiwa wazi, isombe uchafu, ndipo uweke oili yenyewe. Kama huna vifaa hivyo, na wengi hatuna, mpelekee fundi wa kerezo, mashine ya kuchongea chuma, akuwekee bushi (kijibomba) ya chuma yenye thredi za 12 kama mwanzo. Bushi ya chuma inadumu kuliko hata aluminiamu ya kiwandani, na mimi ningekwenda huko moja kwa moja.

Na ikiwa kesho alfajiri lazima uingie kazini? Ipo njia ya kubangaiza inayokubalika: gundi ya chuma, ile ya tyubu mbili zinazochanganywa. Osha tundu na bolti kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe, paka, funga kwa mkono, acha usiku kucha. Nati hiyo sasa haifunguki tena. Oili utaitoa kwa juu, kwenye mdomo wa kujazia, kwa bomba la sindano la mililita 60 lililofungwa mpira mwembamba. Uchafu wa chini utabaki, kwa hiyo usiishi hivyo mwaka mzima.

Silikoni haiwezi kazi hiyo. Kazi yake ni kuziba mwanya kati ya nyuso mbili zilizobanwa na bolti. Yenyewe haibani kitu. Ukiitegemea ishike nati, injini itapata moto, itatetemeka, na nati itadondoka njiani kuelekea Pangani. Injini hizi zinabeba karibu lita moja tu ya oili. Inamwagika kwa muda mfupi sana, nyingine inaruka kwenye tairi la nyuma, na wewe uko kwenye kona. Hata kwenye kava la pembeni, inapostahili kupakwa, weka mstari mwembamba wa milimita moja au mbili. Ile inayofura kwa nje unaiona na kuifuta. Inayofura kwa ndani huioni, inakatika vipande na kwenda kuziba chujio la oili.

Kukaza ndiko kunakoua pikipiki za watu majumbani, na dawa yake iko sokoni kwa wauza samaki. Chukua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana. Ipachike kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, vuta kwa pembe mraba mpaka isome kilo 13. Hapo umekaza kiasi cha nyutoni-mita 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kinachotosha kabisa kwa nati ya milimita 12. Bolti ndogo za milimita 6 za kava, pachika ndoana sentimita 10, vuta kilo 10, acha. Utashangaa jinsi kilo 10 zilivyo kidogo. Ndiyo maana unazikata kila mara.

Washa ya nati, ile pete bapa inayokaa chini ya kichwa chake, nayo ina siri. Kama ni ya shaba nyekundu, ikishatumika inakuwa ngumu na oili inaanza kuvuja. Itupie kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, itoe, iache ipoe, inakuwa laini kama mpya. Ya aluminiamu usithubutu, utaikuta imeyeyuka. Hiyo nunua nyingine, bei yake haizidi ya chai na maandazi.

Walioko Raskazone na Sahare mna adui wa ziada: chumvi. Skrubu ya chuma ndani ya aluminiamu ikipigwa na upepo wa bahari inagandana nayo kabisa, halafu watu wanaishambulia kwa bisibisi iliyolika na kuua kichwa. Idondoshee dizeli usiku, ilale nayo. Asubuhi simamisha bisibisi inayojaa vizuri kwenye msalaba, ipige kwa nyundo mara tatu nne, kisha zungusha huku umekandamiza. Kichwa kikiwa kimeanza kulika, weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya bisibisi na skrubu. Kikiwa kimekwisha, kata mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bisibisi bapa. Wakati wa kurudisha, paka grisi kidogo.

Plagi inataka upole huohuo. Vua kipande cha mpira wa petroli, kichomeke kwenye kichwa cheupe cha plagi, anza kuifunga kwa huo mpira. Ikiingia upande, mpira utateleza wenyewe kabla hujaua thredi. Spana ni ya mwisho.

Tangi likivuja tone tone, sabuni ya mche iliyokandamizwa kwenye ufa inashika siku kadhaa kwa sababu petroli haiiyeyushi. Silikoni hapo inavimba na kubanduka. Lakini usimruhusu mtu achomelee tangi eti kwa kuwa halina mafuta. Tangi tupu lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka.

Fyuzi iliyokatika usiizungushie karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Umeme utapita, ndiyo, na siku waya ukigusa bodi kitakachoungua si fyuzi tena, ni waya zote chini ya tangi. Fyuzi ya akiba ifunge kwa utepe karibu na betri. Kufuli ya cheni nayo, ile klipu inayoshika kiungo cha kuungia cheni, upande uliozibika utazame mwelekeo cheni inakokwenda. Ikipotea, waya wa kufungia nondo unakufikisha dukani kwa mwendo wa baiskeli, usiupeleke mbali zaidi. Na ukishavua gurudumu la nyuma, kabla ya kupanda hakikisha umerudisha kile chuma kinachoizuia sahani inayobeba viatu vya breki isizunguke, na bolti yake ina pini. Hapo hakuna kubangaiza.

Kijana wa Pongwe, ukitoka kwa fundi wa kerezo, funga kwa mizani, jaza oili, washa dakika mbili ukiwa umetandika karatasi nyeupe chini. Zima, subiri robo saa, itazame karatasi. Kisha zunguka mpaka Kange na kurudi, utandike nyingine.