Jibu: Kuoanisha orodha ya anwani ya Exchange na ya Zimbra

Ndugu yangu, umeuliza vipi ofisi yenu ya Chumbageni iliyo kwenye Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft) itawaona kwenye orodha ya anwani wenzao wa Pongwe walio kwenye Zimbra (seva nyingine ya barua pepe), bila kununua programu nyingine. Kwa mkono inawezekana kabisa.

Toa majina na anwani za Zimbra kwa zmprov (amri ya Zimbra yenyewe), uyaweke kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu), kisha yaingize Exchange kwa amri ya New-MailContact, inayomweka mtu kama anwani tu, bila sanduku la barua. Tafadhali usiwafungulie akaunti! Ukiwapa sanduku la barua kwenye Exchange, barua za Chumbageni zitaishia humo na Pongwe hawatapata kitu. Na ukifungua faili kwa Excel, safu ya simu ifanye maandishi kwanza, maana 0713 itageuka 713.

Outlook, programu wanayosomea barua, mara nyingi husoma nakala ya orodha iliyo kwenye kompyuta, inayosasishwa kwa kawaida mara moja kwa siku, kwa hiyo majina yasipotokea papo hapo usifute ukaanza upya.

Kinachosumbua kweli ni walioacha kazi. Kila mwezi linganisha faili jipya na la zamani, waliotoweka uwafute kwenye Exchange. Upande wa pili, Pongwe kuwaona Chumbageni, ni mwepesi: Zimbra inaweza kupangwa isome moja kwa moja Active Directory (daftari la watumiaji ambalo Exchange hulitumia) kwa LDAP, yaani lugha ya kuulizia madaftari kama hayo.