Usiniombe Orodha ya Vitenzi, Nionyeshe Sura ya Tatu

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja wa Kakamega, anayemalizia shahada ya uzamili, aliniandikia: "Mwalimu, msimamizi wangu analalamika kwamba kila aya ya sura ya nne, ile ya matokeo, inaanza na 'The study established'. Naomba unitumie vitenzi vingine, hata hamsini, nibadilishebadilishe." Nilimjibu kwamba orodha sina, na hata ningekuwa nayo nisingempa. Nadhani alikasirika, maana amenyamaza hadi leo. Basi acha niwaandikie wote, kwa sababu hayuko peke yake.

Hiyo 'established' naijua vizuri. Nimekuwa nikihariri tasnifu na ripoti za mashirika hapa Kisumu kwa miaka kadhaa sasa, na ndiyo inayonisalimu kila asubuhi. Mwanafunzi akikaripiwa, anaingia mtandaoni, ananakili orodha, halafu anagawa vitenzi kama njugu: hapa 'revealed', pale 'demonstrated', aya inayofuata 'confirmed'. Ukurasa unapendeza machoni. Lakini vitenzi hivyo si visawe. Ukiandika 'confirmed' unamwambia msomaji kwamba kulikuwa na dai tangu awali, nawe umelipima likasimama. Ukiandika 'revealed' unasema kuna jambo lililokuwa limefichika. 'Suggested' inasema dalili zipo, hukumu bado. Huyo mwanafunzi amebadilisha dai lake mara tatu katika ukurasa mmoja, na data ni ile ile.

Nisimulie jambo lililonifunza haya, ingawa bado linaniuma.

Nilikuwa na mkataba na shirika fulani hapa mjini. Tulikuwa na mradi wa kusafisha maji ya kunywa majumbani, vijiji vya upande wa Nyando, kule ambako mvua ikizidi mto unaingia hadi jikoni. Nilizunguka na hojaji nyumba hadi nyumba, nikiwauliza akina mama kama wanaweka dawa kwenye maji, na kama mtoto wa chini ya miaka mitano ameharisha katika wiki mbili zilizopita. Tulienda mara moja tu. Hakuna data iliyochukuliwa kabla ya mradi kuanza, wala hatukupita katika vijiji ambavyo mradi haukufika. Nyumba zilizoweka dawa zilikuwa na visa vichache. Nikaandika kwamba kutibu maji 'was associated with' kuhara kidogo kwa watoto.

Mkubwa wangu aliisoma rasimu mbele yangu, kalamu mkononi. Akasema hiyo ni lugha ya woga, mfadhili hatoi pesa zake asikie mambo ya 'associated'. Akakata, akaandika juu yake kwamba mradi 'has proved' kuwa kutibu maji 'eliminates' kuhara. Nilimweleza kwa mdomo, kisha nikamwandikia barua pepe, kwamba data yetu haiwezi kubeba maneno hayo. Ripoti ikaenda hivyo hivyo.

Mfadhili akarudisha maswali. Takwimu za kabla ya mradi ziko wapi? Mmelinganisha na nani? Kikao kikaitwa, na yule yule aliyeshika kalamu akageuka akasema, "Mwandishi wa ripoti atatueleza." Nilieleza. Nilikuwa na rasimu yangu ya kwanza kwenye bahasha, nikaitoa. Haikusaidia kitu. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa, na hadi leo nikipita kwenye lango lao kwa boda natazama upande wa pili wa barabara.

Lakini nilikuwa sahihi, na nitalirudia hilo hata nikiamshwa usiku. Mama anayekumbuka kuweka dawa kwenye maji kila siku huenda ndiye pia aliye na choo kizuri, aliyesoma kidogo, mwenye tangi la kukinga maji ya mvua. Kati ya hayo yote, ni lipi lililomkinga mtoto? Hojaji ya siku moja haiwezi kuyatenganisha. Inaweza kusema mambo mawili yanaonekana pamoja, na 'was associated with' inasema hivyo hasa, bila kupunguza wala kuongeza.

Ukitaka kuona kitenzi kikipanda cheo kihalali, mfano uko hapa hapa Kisumu. Kwa miaka mingi watafiti waliona kwamba jamii za Afrika zinazotahiri wanaume zina maambukizi machache ya virusi vya UKIMWI. Hawakuwa na ruhusa ya kuandika kwamba tohara inapunguza maambukizi, kwa sababu jamii hizo zinatofautiana na nyingine kwa dini, kwa desturi na kwa mambo mengine mengi. Ndipo yakafanywa majaribio. Hapa Kisumu walichukuliwa wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, wakagawanywa kwa bahati nasibu: wengine watahiriwe mara moja, wengine wasubiri. Jaribio lilisimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda wake, matokeo yakachapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2007. Kufikia miaka miwili, maambukizi yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliotahiriwa na asilimia 4.2 kwa waliosubiri. Jaribio la Afrika Kusini lilikuwa limetangulia, na la Uganda lilichapishwa pamoja na hili. Baada ya hapo ndipo 'reduces' ikapata haki ya kuandikwa, na Machi 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa kuhusu UKIMWI, wakapendekeza tohara iwe sehemu ya kinga. Hawakuandika 'prevents' wakaishia hapo, maana waliotahiriwa pia waliambukizwa, ila wachache zaidi.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaniuliza kitenzi, nionyeshe sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Ulifanya nini ulipokwenda kukusanya data? Uligawa watu kwa bahati nasibu? Uliwafuatilia? Au ulipeleka hojaji siku moja, ukarudi ukaingiza majibu kwenye SPSS, ile programu ya takwimu? Kama ni hilo la mwisho, na kwa wengi wetu ndilo, basi 'improved', 'led to' na 'affected' si vyako. Najua kichwa cha tasnifu yako kinasema 'Influence of' kitu fulani kwa kitu fulani katika kaunti fulani. Mimi nalaumu vichwa hivyo kwa nusu ya balaa hili. Vinaahidi sababu na tokeo kabla hata kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, hakijatoka, kisha mwanafunzi anajiona lazima alipe deni hilo katika sura ya nne.

Jambo jingine, na hili wasimamizi wengi hulipita bila kuliona: aliyekuambia si aliyefanya mbele yako. Ukimuuliza mwalimu kama hutayarisha mpango wa somo kila siku naye akajibu ndiyo, huwezi kuandika 'teachers prepared lesson plans daily'. Andika 'teachers reported preparing'. Na 'observed' ihifadhi kwa ulichokaa darasani ukakitazama kwa macho. Nimeona 'it was observed that' ikitumika kwa majibu ya simu.

Usipopata tofauti kati ya makundi mawili, usitangaze kwamba tofauti haipo. Sema hukuipata: 'we found no evidence of'. Huenda wahojiwa wako walikuwa wachache mno.

Kuna na wale waliokwisha kuogopa kupita kiasi. 'The findings may possibly seem to suggest' ni sentensi ya mtu anayejificha. Tahadhari moja inatosha. Nakupigia kelele uache kujigamba, lakini sikukutuma uwe mwoga. Uliyopima umepima, yaseme. Msomi ni yule anayejua mpaka wa shamba lake na analilima lote hadi ukingoni. Haya, nimeanza kuhubiri.

Kuhusu nyakati nitapita haraka: matokeo yako yawe katika wakati uliopita, 'found', 'reported'; jedwali liwe katika wakati uliopo, 'Table 4 shows'; na hitimisho nalo wakati uliopo, 'the results suggest'. Toleo la saba la mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, linaelekeza hivyo hivyo kuhusu matokeo na hitimisho. Na tafadhali, 'discussed' haifuatwi na 'about', wala 'emphasised' na 'on'. Hilo limetushinda sote kuanzia shule ya msingi.

Sura ya pili ina hatari yake. Unapotaja kazi za wengine, aliyekusanya data mwandikie 'found', anayejenga hoja mwandikie 'argues'. 'Opines' na 'avers' waachie mawakili. Lakini kitenzi cha kuogopa zaidi ni 'claims', kwa sababu kinabeba shaka ndani yake: unamwambia msomaji kwamba huyu anadai tu, na wewe humwamini. Wanafunzi hukitumia kwa kutafuta tu neno la kubadilisha ladha. Mmoja niliyemhariria alikuwa amekitumia kwa profesa mmoja kutoka ukurasa hadi ukurasa. Nilimwonya, akasema ni neno tu. Siku ya utetezi akakuta mtahini wa nje ni profesa yule yule. Alipita, lakini orodha ya masahihisho aliyorudi nayo ilikuwa ndefu kuliko sura yenyewe ya pili.