Gazania haifi kwa kiu

Kamwene, ndugu zangu. Mwezi huu nimekabidhi kazi niliyoitamani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri: bustani ya mbele ya nyumba moja ya wageni hapa Iringa, tuta refu kutoka getini hadi mapokezi, maua ya gazania tupu. Za chungwa, za manjano, nyekundu ya tofali, na nyeupe kidogo pembeni ya ngazi. Ikifika saa nne asubuhi zote zimefunguka, na wageni wanasimama kupiga picha kabla hawajauliza bei ya chumba. Jina la mahali silitaji, na mtaelewa kwa nini.

Kazi hiyo hiyo niliiomba zamani nikanyimwa. Nilikwenda na miche yangu kwenye kreti, nimeongozana na kijana wangu wa kazi, nikamweleza mwenye nyumba kuhusu kiangazi chetu na bili ya maji. Akachukua mche mmoja, akaugeuza geuza, akasema, "Dada, haya si yale ya makaburini? Mimi nataka maua ya hadhi." Akacheka. Kijana wangu naye akacheka kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kazi akapewa mtu aliyekuja na picha kwenye simu: haidranja za bluu, waridi za kupanda ukutani, nyasi laini hadi kwenye uzio. Zilipendeza, sikatai. Ila sidhani kama zilipigwa Iringa mwezi wa tisa.

Mwezi wetu wa tisa mnaujua. Mvua inakata Aprili, ikijitahidi sana Mei mwanzoni, halafu hakuna kitu hadi Novemba mwishoni au Desemba. Mji uko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wa Julai unalala na blanketi mbili, lakini mchana jua linachoma na upepo unakausha suruali ya jinzi kabla ya saa nane. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 600 hadi 700 hivi. Wenzetu wa Tukuyu wanapata zaidi ya 2,000. Haidranja ni ua la Tukuyu, ni ua la Njombe penye ukungu wa asubuhi. Kumpandia mtu haidranja kwenye changarawe ya Iringa, mbele ya ukuta mweupe unaorudisha joto, ni kumuuzia kazi ya kubeba ndoo.

Nilikuwa napita pale kwenye bajaji. Agosti majani yalianza kujikunja. Septemba mlinzi alikuwa anamwagilia asubuhi na jioni kwa mpira, na maji ya bomba yakikatika anasimama tu anaangalia. Oktoba ikabaki miti mikavu. Nilifurahi. Najua si vizuri, na kanisani tumefundishwa vingine, lakini nilifurahi, na kila nilipopita nilikaa upande wa kuiona vizuri.

Basi mwaka huu meneja wao akanipigia. Sikumkumbusha kitu. Nilitaja bei yangu kamili, akaomba punguzo, nikamwambia punguzo lilikuwepo ile siku ya kreti. Akakubali.

Sasa tangu niweke picha za ile bustani, ujumbe umekuwa mwingi, na karibu nusu unafanana: "Dada, mimi gazania zangu zilikufa, na nilikuwa nazimwagilia kila siku." Hapo hapo ndipo jibu lilipo. Gazania asili yake ni kusini mwa Afrika, sehemu nyingine kwenye mchanga na miamba ya pwani ya Afrika Kusini ambako upepo wa chumvi unapiga na udongo haushiki maji. Geuza jani lake uangalie chini: kuna manyoya meupe kama yamepakwa unga. Manyoya hayo yanapunguza maji yanayopotea kwenye jani upepo unapopita. Ni ya ukoo mmoja na alizeti na pareto, ndiyo maana ua linafanana na alizeti iliyofupishwa. Mmea wenyewe haupandi juu, sentimita 15 hadi 30 basi, unajitandaza chini na kuendelea kuishi mwaka hadi mwaka.

Mmea wa namna hiyo ukiumwagilia kila siku, mizizi inakosa hewa na shina linaoza pale linapokutana na udongo. Na hapa ndipo watu wanapojichanganya: mmea unaooza nao unanyauka. Mtu anaona majani yamelegea, anakimbilia ndoo. Kabla hujakimbia, ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu chini na majani ya katikati yamekuwa laini ya kahawia, kiu haihusiki, ni maji yamezidi. Ng'oa huo, usambaze mchanga, na acha kumwagilia wenzake kwa muda.

Kwa hiyo udongo kwanza. Sehemu kubwa ya mji wetu ina bahati, kuna changarawe ya miamba, maji yanapita yenyewe. Kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi nachanganya mchanga wa mto, ule ule wa ujenzi, karibu ndoo moja kwa ndoo mbili za udongo, na naliinua tuta kidogo lisituame maji ya Januari. Samadi naweka kiasi, tena iliyooza kabisa, ya ng'ombe. Ya kuku inaunguza ikiwa mbichi. Urea usiguse. Ukiweka urea utapata majani mazuri ya kijani, utajisifu, halafu utakaa unangoja maua.

Jua ni lazima, na ninaposema jua namaanisha kutwa. Ua la gazania linafunguka kwa mwanga. Jioni linajifunga, siku ya mawingu halifunguki au linafunguka nusu. Kuna dada mmoja kutoka Tukuyu aliniandikia kwa hasira kwamba nilimuuzia miche mibovu, maua yamejaa ila yamefumba wiki nzima. Dada, miche ni mizima. Ni wingu la kwenu. Kwa Tukuyu mimi nisingehangaika na gazania kabisa, panda hizo haidranja nilizozisema vibaya hapo juu, zitakupenda. Mtu wa Mbeya mjini, Uyole, hata Chimala kule chini kwenye joto, gazania inamfaa. Makete na Mufindi baridi ikigandisha umande Juni na Julai majani yanaweza kuungua ncha, lakini baridi ndogo ya namna hiyo kwa kawaida haiui mmea uliokwisha kushika mizizi.

Wakati wa kupanda ndio naulizwa sana na ndio watu wanaukosea. Wanapanda Desemba, mvua ya kwanza ikigonga bati. Miche michanga inakaa miezi mitatu kwenye tope. Au wanapanda Agosti kwa sababu kuna harusi. Mimi napanda Machi. Mvua bado ipo lakini inaelekea kuisha, mizizi inashuka ikifuata unyevu, na Mei inapokauka mmea umeshajikamata. Sentimita 25 hivi kutoka mche hadi mche. Majuma ya mwanzo namwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, chini kwenye udongo na si juu ya majani, kisha mara moja kwa wiki, kisha kiangazi kikikolea nashusha hadi maji kidogo kila baada ya siku kumi na kitu. Hata ukisahau, itakusamehe. Kustahimili ukame kunakuja baada ya mizizi kushuka, mche wa juzi hauwezi. Hili nalirudia kwa sababu kuna mtu alinunua kwangu miche Septemba, akaipanda, akaiacha bila tone kwa kuwa "ni ya ukame," kisha akaniandikia maneno ambayo siwezi kuyaweka hapa.

Matandazo tumia kokoto ndogo au changarawe. Maranda ya mbao yanashika unyevu shingoni mwa mmea na konokono wanayapenda. Vidukari wakikaa kwenye vichomozi vya maua, povu la sabuni ya kufulia iliyochanganywa na maji mengi linatosha, nyunyiza jioni. Kuku ni tatizo kubwa kuliko wadudu wote, na dawa yake ni uzio.

Ua likinyauka, likate pamoja na kikonyo chake mpaka chini. Acha uvivu hapa. Mmea ukiachiwa utengeneze mbegu unapunguza maua, na bustani inaonekana chafu. Yule mlinzi wa nyumba ya wageni, ndiye yule yule wa mpira wa maji, nimemfundisha, na sasa anapita na mkasi kila Jumamosi akiwa na kiburi chake. Ananiambia mgongo umepona.

Baada ya miaka miwili au mitatu kichaka kinaanza kuota upara katikati. Ndipo unakifukua, wakati ule ule wa kupanda, unakigawa kwa mikono, kila kipande na mizizi yake, unatupa ile katikati iliyozeeka na kupanda upya. Au unachuma machipukizi ya pembeni, unayavua majani ya chini, unayachomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo penye kivuli, na baada ya wiki chache yana mizizi. Kitalu changu chote kimetoka hivyo, kwa vichaka vichache vya mwanzo nilivyopewa na mama mmoja wa Kihesa aliyekuwa anavitupa. Anavitupa! Hapo ndipo ninapowaambia wadogo zangu wanaosubiri mtaji, mtaji mwingine uko kwenye jalala la jirani. Mnataka kuanza na kitalu cha nyavu, tangi la lita 5,000, bango lenye picha yako. Anza na viriba na mchanga. Hakuna atakayekuheshimu kwa bango. Mimi nimechekwa na kreti mkononi na leo walionicheka wananilipa nusu kabla ya kazi.

Neno moja kuhusu Kitulo, kwa kuwa mpo mnaoishi kule karibu. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya maua yake, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu wakiwa na haki zote. Gazania ni mgeni kule. Australia na California imetoroka bustanini na kuwa magugu barabarani na kwenye mchanga wa pwani, kwa sababu mbegu zake zina manyoya na zinaruka na upepo. Kama uko Makete au upande wa Isyonje, usitupe mabaki ya kupogoa ovyo, yachome au yafukie. Na ukienda Kitulo usirudi na mmea wowote kwenye mfuko, hata kama mwongozaji amegeuka.

Wanaouliza mbegu: za dukani nyingi ni chotara. Ukizipanda mwaka wa kwanza unapata rangi iliyo kwenye pakiti, ukichuma mbegu za mimea hiyo na kupanda tena unapata mchanganyiko, mara nyingi manjano na chungwa za kawaida. Ukitaka rangi ibaki ile ile, gawa kichaka. Ukiamua mbegu, zifunike na udongo kama nusu sentimita kwa sababu zinataka giza ili ziote, weka mahali penye joto la kiasi, zitatoka ndani ya wiki moja hadi tatu, na ua la kwanza litachukua kama miezi mitatu. Kwangu nyekundu ya tofali imeisha hadi Machi. Chungwa ipo, nyeupe ipo kidogo. Bei ni shilingi 1,000 kwa mche, na ukichukua kreti nzima tutaongea, ila njoo na adabu.