Udahili wa wauguzi haukomi siku ya kuripoti: ushauri kwa waratibu wapya

Mratibu wa udahili katika shule ya uuguzi hupimwa na wakubwa wake kwa idadi ya walioripoti. Kipimo hicho hakitoshi. Mwanafunzi wa uuguzi tumhesabu kuwa amedahiliwa pale Baraza la Wauguzi la Kenya, NCK, linapompa nambari yake ya indeksi. Kila karatasi inayotua mezani pako, uwe Kisumu, Kakamega au Nakuru, ipokee ukiifikiria nambari hiyo. Kozi nyingine zikikosea udahili, mara nyingi chuo hujisahihisha chenyewe. Uuguzi hauna nafuu hiyo. Asiye na indeksi hafanyi mtihani wa usajili wa baraza, na bila mtihani huo miaka minne ya karo haimfikishi wodini kama muuguzi. Mzazi aliyeuza ng'ombe wawili hawezi kuambiwa mwaka wa nne kwamba fomu ilikuwa na kasoro tangu mwaka wa kwanza.

Kazi huanza kabla majina hayajafika. Kila mwaka KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, huvitaka vyuo vitangaze nafasi za kila kozi, halafu ndipo mfumo unafunguliwa kwa waombaji. NCK nayo huweka idadi yake kwa kutazama wahadhiri, maabara ya mazoezi na hospitali ambamo wanafunzi watajifunzia. Namba hizi mbili zinatoka ofisi tofauti, na usipozikutanisha wewe hakuna atakayezikutanisha. Ofisi ya msajili ikiona uuguzi unajaa upesi, kishawishi cha kuongeza viti ni kikubwa. Omba uione barua ya NCK kwa macho yako, weka nakala, kisha fanya hesabu ya kutoa: walioahirisha masomo na wanarudi, wanaorudia mwaka, na wauguzi wa diploma wanaojiunga na darasa hilo. Tuseme kibali ni cha wanafunzi 60 na wanaorejea ni 5. Nafasi za kugawa ni 55, na hizo ndizo zinazogawanywa kati ya wa KUCCPS na wanaojilipia wenyewe. Andika namba hiyo kwa barua, mkuu wa shule aitie sahihi, ifike kwa msajili kabla ya tarehe ya KUCCPS. Neno la mdomo kwenye korido halitakusaidia mwezi wa tisa.

Anayedhani hizi ni taratibu za makaratasi tu na aende wodi ya wazazi pale Jaramogi Oginga Odinga, ile hospitali ambayo watu wa Kisumu bado wanaiita Russia, asubuhi ya siku ya kazi. Wanafunzi wa vyuo kadhaa na wa KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wanatafuta mafunzo kwa kina mama walewale. Nakuru na Kakamega hali si tofauti sana. Kila mwanafunzi ana daftari la ujuzi ambalo lazima lijazwe: kuzalisha, kuhudumia mtoto mchanga, kudunga sindano, kufunga vidonda. Ukiwaingiza wengi kuliko wodi inavyoweza kubeba, watasimama 12 kumzunguka mama mmoja, atafanya mmoja na 11 watatazama. Kiti cha ziada ulichokitoa kwa huruma kinaishia hapo.

Sasa alama. Kwa shahada ya uuguzi, mwanafunzi wa KCSE, mtihani wa kidato cha nne, anahitaji wastani wa C+, na C+ hiyohiyo katika biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Somo moja likipungua, amekosa, hata wastani wake uwe A-. Huu ndio mjadala utakaorudiarudia kwenye simu kuliko mwingine wowote, kwa hiyo jizoeze kuusema kwa upole na bila kuzunguka: "Mama, hongera, binti yako amepata B+. Lakini kemia ana C, na baraza linataka C+. Hapa shahada ya uuguzi haiwezekani. Diploma ya uuguzi inaanzia wastani wa C, na masharti yake ya masomo ni mepesi kidogo. Twende tuyaangalie pamoja." Usimwambie "tutaona". Neno hilo humfanya mzazi angoje miezi miwili, na dirisha la KMTC likafungwa akingoja.

Kutimiza masharti ni jambo moja, kushinda nafasi ni lingine, na waombaji wengi huyachanganya. Ushindani unaamuliwa na pointi za klasta, yaani zile zinazotokana na masomo manne yanayotazamwa kwa kozi hiyo. Hesabu inayotumika kukadiria ni hii: chukua jumla ya pointi za masomo manne ya klasta ugawanye kwa 48, chukua jumla ya pointi za masomo saba ugawanye kwa 84, zidisha matokeo hayo mawili, tafuta kipeo chake cha pili, halafu zidisha kwa 48. Mfano: mwanafunzi ana biolojia A- (11), kemia B+ (10), hisabati B+ (10) na Kiingereza B (9). Klasta ni 40. Jumla ya masomo saba ni 68. Anapata takriban 39.4. Mwenzake ana 68 vilevile, lakini biolojia ni 9, kemia 8, hisabati 10 na Kiingereza 10. Klasta yake ni 37, naye anapata takriban 37.9. Wastani wao ni mmoja, shule yao ni moja, na tofauti hiyo ya pointi moja na nusu inatosha kumpa mmoja nafasi na kumnyima mwingine. Mzazi akiona hesabu hii imeandikwa kwenye karatasi mbele yake, malalamiko ya kwamba kuna aliyependelewa hupungua sana. Mkumbushe tu kwamba pointi rasmi ni zile zinazoonekana kwenye akaunti ya mwanafunzi katika mfumo wa KUCCPS, si zile mlizokokotoa.

Pointi za mwanafunzi wa mwisho kupata nafasi mwaka huo ndizo ukuta wa kozi. Ukuta huohuo ndio unaotumika kwa wanaoomba kuhamia uuguzi kutoka kozi au chuo kingine. Watakuja na barua, watakuja na simu za wakubwa, watakuja na mjomba anayemfahamu naibu chansela. Waelekeze wote kwenye dirisha la uhamisho la KUCCPS, ambako mfumo wenyewe unalinganisha pointi. Na usikubali mtu yeyote "akae darasani kwanza" akisubiri uhamisho. Akishahudhuria wiki sita na kununua sare, kumtoa kunakuwa ukatili, na aliyeufanya ni wewe uliyemruhusu kukaa.

Majina ndiyo yanayokula muda kuliko yote, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Tuseme cheti cha kuzaliwa kinasema Nekesa Faith Wafula, slipu ya KCSE inasema Faith Nekesa, na kitambulisho kinasema Faith Nekesa Barasa. Kwetu magharibi hili ni jambo la kawaida: mtoto amesajiliwa shule na nyanya, jina la baba limeongezwa baadaye, au jina la ukoo limeingia wakati wa kuchukua kitambulisho. Kwa baraza na kwa mfumo wa mkopo, hao wanaweza kuonekana kuwa watu watatu. Kanuni yangu ni kwamba jina la KCSE ndilo nanga, na mengine yote yanafuata hilo. Mpangilio ukiwa tofauti lakini majina ni yaleyale, andika kama yalivyo kwenye KCSE katika kila fomu ya chuo, kuanzia barua ya kujiunga hadi kitambulisho cha mwanafunzi. Jina likipungua au kuzidi, mwanafunzi aape hati ya kiapo kwa wakili. Jina likiwa jingine kabisa, inahitajika hati ya kubadilisha jina inayotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na hiyo huchukua muda, ndiyo maana lazima ugundue mapema. Ikiwa kosa ni la cheti cha mtihani chenyewe, marekebisho yanaombwa KNEC, baraza la mitihani, si kwako wala kwa NCK. Kosa la cheti cha kuzaliwa linapelekwa kwa msajili wa vizazi na vifo.

Namna ya kuligundua ni rahisi, lakini inachosha. Chukua orodha ya KUCCPS, ifungue kwenye Excel, ongeza safu tatu: jina la KCSE, jina la cheti cha kuzaliwa, jina la kitambulisho. Mtu mmoja asome karatasi kwa sauti, herufi kwa herufi, mwingine atazame skrini. Msibadilishane kazi katikati ya faili. Kisha nambari ya mtihani: ina tarakimu 11, nane za kituo na tatu za mtahiniwa. Waliofanya mtihani zamani wana nambari fupi zaidi, usiwakatae kwa hilo. Kosa la tarakimu moja litamleta mtu mwingine kabisa ukithibitisha matokeo. Na matokeo yathibitishwe KNEC kupitia mfumo wake wa QMIS, hasa ya wanaojilipia na waliofanya mtihani miaka mingi iliyopita. Slipu iliyochapishwa kwa saiba si ushahidi.

Cheti chenyewe cha KCSE huchelewa kutoka, hivyo wengi wataripoti na slipu. Pokea, lakini andika tarehe ya kuleta cheti na umkumbushe. Wapo watakaosema shule yao ya sekondari imekizuia kwa sababu ya deni la karo. Wizara ya Elimu imekataza jambo hilo zaidi ya mara moja. Mwandikie mwalimu mkuu barua fupi. Mara nyingi barua yenye mhuri wa chuo hufanya kazi ambayo mzazi peke yake hakuiweza.

Walio na vyeti vya Uganda au Tanzania, nao si wachache ukiwa karibu na Busia na Malaba, wanahitaji ulinganisho wa matokeo kutoka KNEC kabla ya kupewa barua. Kabla, si baada. Wauguzi wa diploma wanaojiendeleza ni wepesi kuwashughulikia: cheti cha usajili, leseni ambayo haijaisha muda, na jina lao litafutwe kwenye rejista ya mtandaoni ya NCK. Leseni iliyokwisha muda ihuishwe kwanza.

Kuhusu afya, kuna jambo dogo linalosahaulika katika barua za kujiunga. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza mwezi wa tisa anamaliza mwezi wa tatu. Ukingoja hadi ratiba ya wodi itoke, mwanafunzi ataingia kwenye damu na sindano akiwa na dozi moja. Weka maelezo hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa barua, na mtaje kituo cha afya cha chuo kitakachowapa dozi zilizobaki. Fomu ya daktari ipelekwe moja kwa moja kwa kliniki ya chuo ikiwa imefungwa. Karani wa udahili hana haja ya kujua nani anatumia dawa gani, na ujauzito au ugonjwa wa kudumu si sababu ya kumnyima mtu nafasi.

Fedha nitazigusa tu. Waliopangwa na KUCCPS waelekezwe mapema kwenye mfumo wa HEF kwa maombi ya ufadhili na mkopo, kwa jina lilelile la KCSE. Karo ilipwe kwenye akaunti ya benki au nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la chuo. Andika hivyo kwa herufi nzito, maana kila msimu wapo mawakala wanaouza barua bandia na kupokea M-Pesa kwenye simu zao. Anayeleta barua bandia mara nyingi ni mtoto aliyetapeliwa. Mketishe, mpe maji, mpigie mlezi wake, halafu mwelekeze kituo cha polisi na zile jumbe za malipo.

Yakishakamilika hayo, fanya maombi ya indeksi kwa kundi zima kwa mpigo mmoja, wiki za mwanzo za muhula, si wakati mitihani imekaribia. Kabla ya kutuma, kila mwanafunzi achapishiwe ukurasa wake mmoja: picha, majina, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya mtihani, alama za masomo manne. Asome, asahihishe kwa kalamu nyekundu, atie sahihi. Ukurasa huo uwekwe kwenye faili lake la karatasi. Usibandike orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp ili "kila mtu aangalie jina lake": nambari za vitambulisho na simu za watoto wa watu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na matapeli husoma makundi hayo pia.

Tena, anzeni sasa kujiandaa kwa mabadiliko ya mtaala. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, ule mtaala wa zamani, ni ya 2027. Waliojiunga na Gredi ya 10 Januari 2026 watakuja vyuoni wakiwa na matokeo ya aina nyingine, na jedwali lako la C+ halitawasoma. Mwalimu wa shule ya upili akikuuliza leo ni mkondo gani unaompeleka mtoto uuguzi, mwambie sayansi, na biolojia na kemia zisiachwe. Jedwali jipya lifuate maelekezo ya NCK na KUCCPS yatakapotoka, na lile la zamani usilifute: waliofanya KCSE wataendelea kuomba nafasi kwa miaka mingi baada ya mtihani huo kuisha.