"Mishipa yako iko wazi," nami kifua kinabana

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: kifua kinambana akiwa amekaa tu, amepigwa picha ya mishipa ya moyo, kaambiwa mishipa iko wazi, arudi nyumbani. Nilijiona mimi mwenyewe.

Mimi niliambiwa nina wasiwasi. Daktari aliyesema hivyo hakuinua hata macho. Nikapewa dawa za usingizi, na usiku kifua kikabana vilevile. (Bado naumia nikikumbuka, mniwie radhi.) Mwaka wa pili, daktari mwingine aliomba CD ya picha ileile, akaiacha icheze kama filamu, akahesabu fremu, yaani picha mojamoja zinazoiunda. Mshipa mkubwa wa mbele upande wa kushoto kwa kawaida hujaa dawa ya rangi, ile inayodungwa wakati wa kupiga picha, ndani ya fremu 36 hivi, filamu ikienda fremu 30 kwa sekunde. Wangu ulifika 58. Njia wazi, damu inajikokota. Na hali hii iliandikwa na madaktari tangu 1972!

Nikauliza kwa nini. Akanieleza habari za vishipa vidogo ambavyo picha haivioni, na ngozi laini inayotanda ndani ya mshipa. Ikichubuka, seli jirani huiziba, na kuna seli za ukarabati zinazosafiri kwenye damu, zile ambazo Takayuki Asahara na wenzake walizieleza mwaka 1997. Kwa wavutaji sigara huwa chache. Akanitazama. Pakiti ilikuwa mfukoni mwa shati.

Badala ya kuitupa, nikanunua vidonge vya "kuongeza seli". Miezi mitano! Wataalamu wenyewe wamebishana miaka mingi seli hizo ni zipi hasa, kwani nyingi zilizopewa jina hilo zilikuja kuonekana ni jamii ya chembe nyeupe za damu. Muuza vidonge yeye alishazijua zote.

Sigara nikaiacha, kwa shida na kwa aibu. Natembea kila asubuhi, nameza statini (dawa ya kushusha kolesteroli) niliyoandikiwa. Kifua hubana mara mojamoja.

Kwa hiyo ndugu yangu, acha sigara. Usiniambie unavuta mbili tu, acha. Maumivu yakizidi au yasipokwisha, kimbilia hospitali, hata kama picha ilikuwa safi. Tena udai CD yako leo, usichukue karatasi ya majibu peke yake. Mwulize daktari wa moyo: rangi ilichukua fremu ngapi?